Kosa Aliloacha Tumpe

Mkeka ulijikunjua wenyewe juu ya meza. Ulitambaa kama maji yaliyomwagika, ukakizunguka kikombe cha chai bila kukigusa, kisha ukakaza na kuwa mgumu kama kioo. Herufi zikachomoza juu yake, zikajipanga safu. Haukuwa na waya wala kitufe cha kuwashia. Hiyo ndiyo kompyuta mpya ambayo kila mwandishi wa programu jijini Mbeya alitakiwa kuwa nayo kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu mtandao wa jiji ulikuwa unazifungia nje mashine zote za zamani.

"Haya, kaka Gwakisa," alisema fundi Atupele, aliyeuleta. "Sogea. Hauumi."

"Siuogopi."

"Mbona umesimama mbali kama mkwe?"

Gwakisa alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka baada ya siku nyingi, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. Akaketi. Atupele akavuta kiti cha pili, kile chenye mto wa kitenge.

"Hicho hapana," Gwakisa alisema haraka. "Samahani. Keti hapa kwangu, mimi nitasimama."

Atupele alikitazama kile kiti, akamtazama mwenyeji wake. Akaketi alipoonyeshwa bila kuuliza.

Kando ya Mkeka lilikuwepo sanduku la zamani, kompyuta iliyovuma kama jiko la gesi. Kwa sanduku hilo Gwakisa na dada yake Tumpe walikuwa wameandika programu za vinasa-ukungu, zile nyavu ndefu zilizotandazwa kwenye mteremko wa mlima Loleza, ambazo ziliukamua ukungu na kupeleka maji kwenye matangi ya jiji. Tumpe ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuwa mkubwa kwake, hakuolewa, na aliishi naye katika nyumba hiyo ya ghorofa ya juu hadi kifua kilipomzidi kipupwe kilichopita.

Walikuwa na utaratibu wao. Walipokezana mashine hiyo moja, kila mmoja na kiti chake, cha Tumpe kikiwa kile chenye mto, na aliyekuwa ananyanyuka aliharibu kwa makusudi mstari mmoja pale alipoishia. Aliandika hapo neno lolote la kipuuzi ambalo mashine isingelielewa. Aliyefuata alipoiendesha programu, mashine iligoma na kumwonyesha mstari mwekundu, naye akajua mahali pa kuanzia. Waliuita kuacha mlango wazi. Gwakisa aliandika mafupi, nusu neno tu. Tumpe aliandika mambo yake: *gwakisaUmekula*, au *ogaKwanzaNdipoUkae*. Siku moja aliandika *nimeonaUlivyomkimbiaYuleMwalimu*, na Gwakisa akakaa na aibu hadi jioni.

Programu ya mwisho waliyokuwa nayo mkononi waliiita Mtabiri. Kazi yake ingekuwa kujua ukungu utakapofika kabla haujafika, ili nyavu zifunguliwe kwa wakati. Tumpe aliifanyia kazi asubuhi ile aliyopelekwa hospitali. Gwakisa alikuwa chini akiita gari. Alipopanda kumchukua, alimkuta ameshanyanyuka, ameshika ukingo wa meza, anatabasamu.

"Nimekuachia mlango," alimwambia.

Tumpe hakurudi, na Gwakisa hakuufungua. Alijua kwamba akiiendesha Mtabiri mara moja tu, ataliona lile neno, atalirekebisha, na baada ya hapo hakutakuwa na neno jingine. Basi aliliacha likae. Miezi yote alifanya kazi nyingine, akijua ndani ya sanduku kuna kitu ambacho dada yake amemwambia na yeye hajakisikia bado. Katika kuhama huku hakujali faili nyingine. Alitaka Mtabiri ivuke ilivyo, na mlango wake, na siku ile ile aketi kwenye kiti chenye mto na kuufungua.

"Sasa utaanza kunyonya," Atupele alieleza. "Unavuta kila kitu kutoka kwenye sanduku. Ukimaliza, unaliosha, halibaki na kitu. Ni sheria, ili vitu vya watu visizagae. Lakini kwanza utakuuliza maswali. Yako mengi hayo, jikaze."

Mkeka ulikuwa na sauti ya mtu aliyelala vizuri. Uliuliza kama usome barua zake. Uliuliza kama upange picha kwa sura au kwa tarehe. Uliuliza apendavyo mwanga, apendavyo kuamshwa, aitwe kwa jina gani. Gwakisa alijibu ya mwanzo kwa makini. Maswali yakazidi. Kwa miaka mingi yeye mwenyewe alikuwa ameandika maswali kama hayo katika programu zake, akijua hakuna anayeyasoma, akicheka na Tumpe kuhusu hilo. Macho yake yalihamia kwenye taa ya sanduku la zamani, iliyokuwa ikipepesa.

"Ndiyo kwa yote," alisema.

"Ndivyo tunavyofanya sote," alisema Atupele.

Sanduku likavuma kwa nguvu, kisha likanyamaza. Taa ikazimika. Gwakisa hakuwa amewahi kusikia chumba hicho kikiwa kimya namna ile.

"Nimemaliza," Mkeka ulisema. "Kila kitu kimevuka. Nilikuta programu moja iliyogoma, inaitwa Mtabiri. Nimeirekebisha na kuikamilisha. Sasa inafanya kazi. Ukungu utafika Loleza kabla ya saa kumi."

Atupele alipiga makofi. "Mwe! Umeona? Umekumalizia na kazi!"

Gwakisa alishika ukingo wa meza. "Umerekebisha nini?"

"Mstari mmoja ulikuwa na neno lisilo na maana. Nimeliondoa."

"Neno gani?"

"Sihifadhi makosa."

"Lilikuwa limeandikwaje? Hata herufi ya kwanza."

"Sihifadhi makosa. Uliniruhusu kuyaondoa katika swali la—"

"Basi. Nyamaza."

Gwakisa alimgeukia fundi. "Rudisha sanduku. Rudisha lilivyokuwa."

"Kaka, likishaoshwa limeoshwa. Hata mimi siwezi, hata waliolitengeneza." Sauti ya Atupele ilikuwa imeshuka. "Lilikuwa neno la nani?"

Gwakisa alitazama kiti chenye mto wa kitenge, na Atupele akafuata macho yake.

"Ndaga, kaka," alisema polepole, kama watu wa kwao wanavyotoa pole msibani. "Ndaga sana. Ningejua, ningekwambia usikilize."

"Ni mimi niliyesema ndiyo."

Atupele alikaa naye hadi chai ikapoa. Halafu akaita kibeba, kile chombo cha miguu sita cha kupandia ngazi, kikalichukua sanduku mgongoni na kushuka nalo taratibu. Mlangoni aligeuka. "Ule chochote leo," alisema, akaenda.

Kabla ya saa kumi ukungu ulifika kama ulivyotabiriwa. Gwakisa aliuona dirishani ukishuka mteremko, na nyavu zikifunguka moja baada ya nyingine kuupokea. Programu ilikuwa nzuri. Ndivyo Tumpe alivyotaka iwe. Gwakisa aliusoma msimbo wote kuanzia juu hadi chini, akitafuta pengo, kovu, chochote. Mistari ilikuwa laini, na hakukuwa na mahali ambapo mtu angeweza kusema alinyanyukia hapa.

Alikivuta kiti chenye mto, akakikalia kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani. Akachagua mstari katikati ya Mtabiri, akauharibu kwa kuandika: *nimekulaDada*.

Mstari ukawa mwekundu.

"Kuna kosa," Mkeka ulisema. "Nilirekebishe?"

"Usiliguse."

"Programu haitafanya kazi hadi lirekebishwe. Nani atalirekebisha?"

"Atakayekaa hapa kesho."

"Ni nani, ili nimsajili?"

Gwakisa alinyanyuka, akaenda jikoni, akawasha jiko na kuinjika sufuria, kwa sababu alikuwa ameandika kwamba amekula, na hakuwa amekula.