Kikombe Kisicho na Kitako

"Kaa, mzigo uko ndani ya makumbusho. Boti inaondoka saa sita. Bila mifupa mkononi, hatuwezi kumgusa yule dalali," sauti ilisema redioni.

"Nimekusoma, mkuu."

Lavinia Prioleau, jasusi wa serikali ambaye jina lake la redioni lilikuwa Kaa, alipapasa bastola yake ya Glock chini ya koti. Akalipa kiingilio kama mgeni yeyote.

Kuna watu walikuwa wanafukua makaburi ya watumwa kisiwani St. Helena, pwani ya Marekani, na kuwauzia matajiri wa ng'ambo mafuvu. Kazi hiyo ilimtia kinyaa tangu alipopewa.

Alipita vikapu vya nyasi na picha za mababu waliolima mpunga usio wao. Ukumbini, Whitlock, dalali wa vitu vya kale, alikuwa ameshika nyundo. Kasha moja. Misumari michache.

"Vyombo vya jikoni tu, bibie," alichekelea. "Vya bibi mmoja wa hapa. Vinakwenda kwenye maonyesho Geneva."

"Hebu nione."

Lavinia alizamisha mkono kwenye maranda ya kasha. Akaibuka na kikombe cha bluu, kitako kimetobolewa.

"Huyo bibi alikuwa ananywea chai humu?"

"Kimechakaa. Ndiyo raha yake."

Bi Ernestine, mkuu wa makumbusho, alisogea. Uso ukamsawijika. "Yesu wangu! Mwanangu, hicho ni cha kaburini!"

Watu wa kisiwa hicho humwekea marehemu kaburini kikombe alichonywea mwisho. Hukitoboa kwanza, kifo kisirudi kuchukua mwingine nyumbani. Hakuna wa kwao ambaye angekirudisha jikoni.

Whitlock alichomoa bastola.

Alichelewa. Lavinia alimsokota mkono, akamnyang'anya bastola, akamlaza kifudifudi. Pingu.

Chini ya maranda kulikuwa na fuvu. Dogo. La mtoto.

Lilikuwa limepakwa vanishi ling'ae.

Lavinia aliinama kulitazama. Kapaka rangi kichwa cha mtoto wa watu kama mguu wa meza!

"Mifupa tu hiyo," Whitlock alinung'unika sakafuni. "Haina mwenyewe."

"Mwenyewe si mimi hapa?" Bi Ernestine alifoka. "Fyata mdomo, nguruwe wewe!" Alivua mtandio wake, akalifunika fuvu taratibu, huku analia.

Lavinia akawasha redio.

"Mkuu, ni Kaa anayeongea. Mzigo tunao."

"Safi. Nitume gari la ushahidi?"

"Nitumie mchungaji kwanza."

Alivaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban, akatoka bila kugeuka. Nje, bombani, alinawa mikono.

Akanawa tena.