Aliyeshika Fimbo ya Mpimaji

Dereva wa kijiko ndiye aliyeuona mkono. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, naye alikuwa akisogeza mtambo wake wa kuchimbia kuelekea mtaro wa msingi. Akaona ukuta mmoja wa mtaro umelala chini, na katikati ya udongo mwekundu umetokeza mkono wa mtu, vidole vimekunjwa. Alizima injini akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Watu walichimba kwa sepetu, kwa vipande vya bati, kwa kucha. Walipomfikia, walimkuta ni Mpimaji wa ujenzi ule, ameshakata roho.

Pale kazini walimwita Bwana Kofia, kwa sababu ukimkuta bila kofia ya usalama basi ujue unaota. Hakuwa na simile na mtu asiye na buti, hata awe bosi. Na sasa yeye mwenyewe alitolewa shimoni kichwa wazi. Kofia yake nyeupe, yenye jina hilo la utani nyuma, ilikuwa imevaliwa na kaka wa mkewe, mtu aliyemshikia fimbo ya vipimo kila siku. Kazini wote walimwita Shemeji. Siku moja kabla, wawili hao walikuwa wamefokeana hadharani, kwa kuwa Shemeji alikuja kazini na kandambili akarudishwa nyumbani. Watu walimsikia akisema, "Ipo siku utanijua."

Basi, Sajenti wa polisi aliyeitwa pale alihitaji nini zaidi? Alimfunga pingu hapo hapo.

Kesho yake saa mbili asubuhi alifika Mkaguzi kutoka ofisi ya usalama kazini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye hatua za haraka. Kabla ya kuajiriwa kukagua alikuwa mpimaji kwa miaka mingi, na alikuwa amezika wenzake kadhaa waliouawa na haraka za watu wengine. Hasira hiyo hakuwahi kuificha.

"Kesi imekwisha, mama," Sajenti alimwambia wakiwa wanaelekea mtaroni. "Walikuwa na ugomvi, kofia tumemkuta nayo, na tangu jana hajafungua mdomo. Saa tisa naandika mashtaka."

"Mtu kunyamaza si kukiri, afande. Nionyeshe mahali."

Mtaro ulikuwa na kina cha kumzidi mtu mrefu. Juu udongo ulikuwa mwekundu, mkavu, wa kumomonyoka ukiugusa. Chini kabisa, upande ambao haukuporomoka, kulikuwa na tope jeusi kama lami. Kuta zilikuwa tupu, hazina mbao wala miti ya kuzizuia, ila alama zilionekana wazi mahali mbao zilipokuwa zimesimama. Fimbo ya vipimo ilikuwa bado imechomoza kwenye kifusi, imevutwa hadi urefu wake wote. Ukingoni, pale ardhi inapoinamia mtaro, ilisimama stendi ya darubini ya kupimia: mguu mmoja chini, miwili juu.

Mkaguzi aliitazama stendi ile kwa muda, akaguna.

"Nani ameigusa?"

"Hakuna. Tumeikuta hivyo hivyo. Injinia ndiye aliyetuonyesha."

Injinia, msimamizi wa ujenzi ule, alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa mtu nadhifu, shati limenyooka, na buti zake zilikuwa mpya kiasi kwamba uzi wa lebo ulikuwa bado unaning'inia.

"Nimesikitika sana," alisema. "Lakini nilimkataza. Aliukata utepe wa tahadhari akashuka mwenyewe, peke yake. Bwana yule alikuwa mbishi. Mimi nilikuwa ofisini tangu asubuhi, nilitoka niliposikia kelele."

"Ukashuka kusaidia kuchimba?"

"Hapana. Siwezi kuona maiti. Nilisimama hapa juu nikitoa maelekezo. Waulize wote."

Mkaguzi aliwauliza. Ni kweli, wote walisema, Injinia hakukanyaga mtaroni.

Langoni alimkuta mjane wa Mpimaji. Alikuwa amesimama wima na kanga begani, macho yamevimba lakini sauti imara.

"Wewe ndiye mkaguzi?" aliuliza. "Sikuzuii. Nina swali moja tu. Mume wangu yuko chumba cha maiti, kaka yangu yuko mahabusu. Mama yangu ananiambia nimlilie mume, nisiulize mengine. Mimi nataka kujua. Kama ni kaka yangu aliyemuua, niambie bila kunificha. Na kama si yeye, nirudishie."

"Nitakwambia leo, dada," Mkaguzi alisema. "Kabla ya saa tisa."

Hapo alikuwa amejifunga kitanzi mwenyewe, na alilijua hilo.

Alianza na dereva wa kijiko. Mtambo mzito ukikaribia ukingo unaweza kuuangusha ukuta wenyewe.

"Ulifika karibu kiasi gani?"

"Tazama alama za minyororo, mama. Zimeishia kule kwenye mawe. Sikuvuka."

Zilikuwa zimeishia kule, mbali na mtaro. Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali, akauliza jingine.

"Mbao za kuzuia ukuta ziko wapi?"

Dereva akageuka kutazama ofisi ya Injinia, kisha akapiga moyo konde. "Nilizihamisha mimi, juzi jioni, kwa kijiko hiki hiki. Zilipelekwa mtaro wa pili ili kazi iende haraka. Zege lilikuwa lije jana mchana."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya nani tena? Hapa kuna mtu mmoja tu anayeamuru."

Huko mahabusu, Shemeji alikuwa amekaa sakafuni na nguo zile zile za jana. Alikuwa amejaa udongo mpaka kwenye nyusi, kwa kuwa naye alikuwa amechimba, na kucha mbili zilikuwa zimeng'oka. Mkaguzi aliinama kutazama buti zake, soli mpaka kamba. Vumbi jekundu tupu.

"Kwa nini husemi?"

Shemeji akageuzia uso ukutani.

"Dada yako yupo langoni kule. Ameniuliza kama wewe ndiye uliyemuua mumewe."

Hapo Shemeji akavunjika. Alilia kwa sauti, bila aibu, kama watu wazima wanavyolia wasipoweza tena.

"Nimemuua ndiyo! Niliondoka. Kazi yangu si kushika fimbo tu. Yeye akiweka jicho kwenye darubini, haoni kitu kingine, mimi ndiye macho yake. Alinifundisha hivyo siku ya kwanza: usiniache mgongo wazi. Na nilimwacha."

"Ulikwenda wapi?"

"Stoo, lango la nyuma. Injinia alinituma vigingi. Mume wa dada yangu akasema nisiende, Injinia akang'aka kwamba kazi itachelewa. Basi. Njia ya stoo inapita chini ya kreni, na kofia yangu ilikuwa imepasuka. Akavua yake akanivalisha. Akaniambia, 'Mimi nasimama hapa nyuma ya utepe, hapana kitu juu yangu. Nenda urudi.' Kufika stoo, vigingi havijachongwa. Nikangoja. Niliporudi..." Aliziangalia kucha zake zilizong'oka. "Angekuwa na kofia angepona, mama. Sasa nikaseme nini kwa dada yangu? Kwamba kofia yake ilikuwa kichwani kwangu?"

Mtunza stoo, mzee mwenye maneno mengi, alithibitisha kwa kiapo na kwa malalamiko. Shemeji alikaa pale muda mrefu, akimsumbua fundi seremala aharakishe, mpaka zikasikika kelele. Kisha Mkaguzi alimpigia simu daktari aliyeichunguza maiti, wakazungumza kwa mkato.

Alirudi mtaroni. Hakwenda ukingoni. Alipanda kule juu, nyuma ya mstari wa utepe, akatembea ameinama kama mtu aliyeangusha sindano. Alikuwa na haraka, lakini hakuruka hata kichaka. Mahali penye mteremko wa wastani, ambapo mtaro unaonekana lakini hauwezi kukufikia, aliona matundu matatu yaliyochimbwa na ncha za chuma na kukandamizwa kwa mguu. Mawili yalikuwa upande wa chini, moja upande wa juu.

"Afande!" aliita. "Njoo na kamera. Halafu nifanyie jambo moja, nenda kalipekue gari la Injinia."

Saa nane mchana walikuwa watatu ndani ya ofisi ya Injinia, kontena la bati lenye feni inayolalamika. Ramani zilibandikwa ukutani. Sajenti alisimama mlangoni, mkononi mfuko mweusi wa plastiki. Injinia aliuona mfuko ule akajitia hamnazo.

"Rudia tena," Mkaguzi alisema. "Mpimaji alishuka na nani?"

"Peke yake. Nimeshasema."

"Kufanya nini?"

"Kupima kina. Ndiyo kazi yake."

"Fimbo imevutwa mpaka mwisho. Inavutwa hivyo ili kichwa chake kipite ukingo wa mtaro, na anayesoma aione akiwa mbali, mahali salama. Mmoja anashika chini, mwingine anasoma juu. Hajazaliwa mtu wa kushika fimbo mtaroni na papo hapo akachungulia darubini kule juu."

"Basi aliyeshika ni huyo shemeji yake."

"Shemeji yake alikuwa stoo, ulikomtuma wewe. Na buti zake hazina tope jeusi hata chembe. Tope lile liko chini ya mtaro tu, na waliochimba walikanyaga kifusi chekundu kilicholifunika."

Injinia alifuta uso kwa leso. "Sasa mimi nitajuaje? Stendi yake mmeikuta ukingoni. Alikiuka utaratibu."

"Stendi hiyo ndiyo iliyokuumbua." Mkaguzi aliegemea meza, sauti ikapanda. "Kwenye mteremko, mpimaji huweka miguu miwili chini na mmoja juu, kifaa kisipinduke. Hafikirii, mkono unakwenda wenyewe. Ile ya ukingoni imewekwa kinyume. Aliyeiweka hajawahi kusimamisha darubini maishani mwake, amezoea kuletewa majibu mezani. Mahali Mpimaji alipoisimamisha nimepaona, nyuma ya utepe, matundu yote matatu. Mtu yule hakukosea kitu! Alikagua, akaona ukuta hauna mbao, akakaa mbali. Mpimaji ana haki ya kukataa kazi ya hatari. Na si haki tu, ni wajibu wake. Alikataa, sivyo?"

Mkaguzi alimpa Sajenti ishara. Ule mfuko ulifunguliwa, zikawekwa juu ya ramani buti za zamani, tope jeusi limekaukia mpaka kwenye vifundo.

"Kila mtu amesema hukushuka kuchimba," Sajenti alisema taratibu. Alikuwa ameanza kuelewa, na hakufurahia. "Wewe mwenyewe umesema. Sasa hizi zilishuka lini?"

Feni ilizunguka. Injinia aliketi kitini.

"Nilihitaji kipimo kimoja," alisema. "Kimoja tu, kabla ya zege. Nilimtuma shemeji yake vigingi nikijua asipokuwepo, Mpimaji hatakuwa na kisingizio cha kumlinda mtu. Nikamwambia, kama unaogopa kushusha mtu wako, nitashika mwenyewe, tuone kama nitakufa. Akakataa kusoma. Alipiga kelele nitoke. Mimi nikasimama na fimbo, nikamcheka." Alizitazama buti. "Ukuta ukaanza kutoa vumbi. Akaja mbio, akaukata utepe kwa mwili wake, akaruka ndani. Alinipandisha kwa mabega yake. Nikashika ukingo, nikatoka. Nilipogeuka hayupo."

"Ukaita watu?"

"Nilichanganyikiwa."

"Ulichanganyikiwa, lakini ukakumbuka kuibeba stendi na kuiteremsha mpaka ukingoni. Ukakumbuka kuingia ofisini kubadili buti." Mkaguzi alizisukuma buti mbele yake. "Dereva alipofika, wewe ulikuwa umeshakaa kwenye kiti hiki. Nimezungumza na daktari. Kichwa cha Mpimaji hakina hata mkwaruzo. Alikosa pumzi, na hakufa papo hapo. Sasa nijibu: ulipopita na stendi, ule mkono ulikuwaje?"

Injinia alifunika uso.

"Nijibu!"

"Vidole..." Alisema ndani ya viganja. "Vilikuwa vinafunga na kufungua."

Sajenti alisema neno ambalo polisi hapaswi kulisema kazini. Akatoa pingu.

Saa tisa kasorobo mjane alikuwa kwenye benchi la kituo cha polisi. Mkaguzi aliketi karibu naye, akamweleza yote kwa mpangilio, hakupunguza wala hakutia chumvi: mbao zilizohamishwa, fimbo, mabega, stendi. Alipofika kwenye vidole alisita, kisha akavieleza navyo, kwa kuwa alikuwa ameombwa asifiche. Mjane aliuma kanga yake, lakini hakuinuka.

Shemeji alitolewa. Alisimama mbali, hakuthubutu kumtazama dada yake.

"Nilimwacha, dada. Na kofia yake nilikuwa nayo mimi."

"Kofia haikuhusika," Mkaguzi alisema. "Daktari ametamka wazi. Kilichomuua ni ukimya wa mtu mmoja."

Shemeji hakuonekana kusikia. Mjane alimgeukia.

"Alikufunga mkanda wa kofia yeye mwenyewe?" aliuliza.

"Mwenyewe. Aliukaza mpaka nikalalamika. Akasema bora ulalamike."

Mjane akacheka, kicheko kidogo kilichokatika na kuwa kilio, akamwendea kaka yake, akakamata mikono yake yenye kucha zilizong'oka. Alilia hapo, kipaji cha uso kimeegemea kifua chake. Sajenti aligeukia ukuta kama anayesoma tangazo.

Alipomaliza alijifuta uso kwa pindo la kanga.

"Twende," alimwambia. "Watoto hawajala tangu jana, na mimi siwezi kuingia nyumba ile peke yangu."