Mvinyo Uliopimwa kwa Pua

Asubuhi ile, katika maabara ndogo ya bandari ya Kalundu, alisikika mtu akimeza kinywaji. Jolie, laborantini, msaidizi wa vipimo, akakagua chupa zote, zilikuwa zimefungwa. Chumba kizima kilinuka dawa ya kupulizia nyanya.

"Bosi, iko muntu anakunywa humu," alinong'ona.

"Iko ujinga wako tu," alijibu Ngendakumana, akinyoosha tai.

Bosi gani huyu! Juma lililopita aliletewa mvinyo wa ndizi wa Kizito, mfanyabiashara wa pombe, aupime kama una sumu ya shambani. Umeme ulikuwa umekatika, mashine imelala. Mwenye akili angesubiri. Yeye alichomeka pua kwenye chupa, akanusa, akapiga kashe, muhuri wa maabara: safi. Eti pua yake ilisoma Kinshasa! Mkulima mmoja, Térence, akanunua chupa, akanywa, akafa povu likimtoka, na bosi akasema ni malaria.

Mchana kiti cha wageni kikajisogeza chenyewe mpaka mezani kwa bosi, na harufu ile ikazidi, ikamwingia kwenye shati na kwenye mate, na glasi tupu ikaburutwa polepole juu ya meza mpaka ikasimama mbele yake, na sauti ya Térence, kavu, ya mtu aliyeungua koo, ikasema, "Bosi, kwetu mwenye kutoa pombe njo anaonjaka kwanza. Weye haukuonja."

Consolate, mama wa maombi, aliitwa mbio. Aliomba mpaka jasho likamtiririka, kisha akaacha.

"Huyu haiko shetani, papa. Iko mugeni anadai haki yake. Onja, ao sema ulikosea. Ukisema tu, ataenda."

"Na madumu ya Kizito iko inapakiwa mu boti sasa hivi," Jolie akalia. "Batu batakufa! Tumupigie, bosi. Neno moja tu."

Neno moja, ambalo hata mtoto angelisema! Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Ngendakumana aliwatazama wanawake wale wawili, akaogopa aibu kuliko kifo.

"Miye sikosaka," akasema. Akafungua chupa ya Kizito, akamimina, akanywa yote.

Jolie alinyakua simu, akakimbilia nje kumpigia Kizito.

Kiti kikasogea karibu zaidi. Chupa ikainuka yenyewe, ikajaza glasi mpaka juu.

"Aksanti, bosi," sauti ikasema kwa adabu. "Ile ilikuwa ya kuonja. Sasa tukunywe."