Diski Mpya na Sauti za Bibi

Kila siku saa tisa alasiri nilifungua mlango kwa ufunguo wangu, nikapiga hodi kwa mazoea, na hakuna aliyeitika. Mama alifua mashuka hospitalini na alirudi jioni. Kaka alikuwa chuo cha ufundi, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Bibi, mama yake Mama, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nyumba nzima ilikuwa yangu. Mwingine angefurahi. Mimi niliichukia saa tisa.

Mwenzangu alikuwa kompyuta ya Kaka. Kabla Bibi hajafariki, Kaka alimrekodi akisimulia mambo ya zamani, rekodi arobaini na moja. Kila moja ilianza kwa Bibi kukigonga kipaza sauti na kuuliza, "Hiki kidude kinanisikia?" Nilikula kiporo changu huku nikimsikiliza. Wakati mwingine nilimjibu.

Kisha diski iliyohifadhi rekodi hizo ikaanza kutoa mlio: tik, tik. Kaka alipopata habari alituma diski mbili mpya. "Moja ya kuhifadhia, nyingine ya akiba," aliniambia kwenye simu. "Uzifunge wewe. Mimi sipo, kwa hiyo fundi wa nyumba ni wewe."

Fundi wa nyumba! Kichwa kilivimba. Jumamosi nilifungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi, nikazikaza diski kwa skrubu, nikachomeka nyaya, nikawasha. Mashine ikasoma diski ya zamani tu. Nikazima, nikabadilisha matundu ya nyaya, nikawasha tena. Wapi! Nikapuliza vumbi. Mwisho nikaipiga kofi, nikaumia kiganja bure.

Jumapili Kaka akapiga simu. "Haya, fundi, zimesoma?"

"Zimesoma."

"Zote mbili?"

"Zote."

"Safi sana! Na Bibi umeshamhamisha?"

"Nimeshamhamisha."

Maneno yalinitoka kabla sijayafikiria. Tangu siku hiyo nyumba ilizidi ukimya. Zamani nilimsimulia Kaka kila kitu. Sasa alipopiga simu niliogopa asije akauliza habari za diski, nikajifanya nina kazi nyingi za shule ili tuagane upesi.

Alhamisi nilifungua rekodi ya saba, niliyoipenda kuliko zote, ambamo Bibi anasimulia jinsi Mama alivyojikata nywele siku ya kupigwa picha shuleni. "Hiki kidude kina..." Bibi akakatika. Tik, tik, tik. Skrini ikaganda. Nilizima mashine upesi.

Mama aliporudi alinikuta sakafuni, bado nimevaa sare ya shule.

"Kulikoni, mwanangu?"

Nikamweleza yote. Hakugomba. Alimpigia Kaka, akaweka spika, akaiweka simu mbele yangu. "Mwambie mwenyewe."

Nilimwambia.

"Washa mashine," Kaka alisema. "Ziguse diski mpya. Zinatetemeka?"

"Hapana. Zimetulia tu, na zina baridi."

"Kila moja umeichomeka nyaya ngapi?"

"Mmoja."

"Huo ni wa kupitisha data. Wa umeme uko wapi?"

Nilizima tena, Mama akanimulikia kwa tochi. Nyuma kabisa kulikuwa na fungu la nyaya lililofungwa kwa mpira. Mimi nilidhani ni za ziada! Nilizichomeka, nikawasha. Safari hii diski zilitetemeka chini ya kiganja changu. Hata hivyo, kwenye orodha hazikuonekana.

"Usihangaike," Kaka alisema. "Ni mpya, hazijaandaliwa." Akanielekeza hatua kwa hatua hadi ukurasa wa kusimamia diski. Zote tatu zilikuwa pale, na kompyuta ikasubiri nichague ya kufuta na kuandaa.

"Ungekuwa peke yako, ungebonyeza ipi?" Kaka aliuliza.

"Ya kwanza."

"Ya kwanza ndiyo ya Bibi."

Nilikiachia kipanya kana kwamba kimeniunguza. Mama akasoma kwa sauti ukubwa wa kila diski ili tuitambue ya Bibi, akarudia mara ya pili, ndipo nikaandaa zile mpya.

Rekodi arobaini zilihama salama. Ya saba haikufunguka tena.

"Ungeniambia Jumapili, tungeiwahi," Kaka alisema. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. Nililia.

Mama akaketi sakafuni kando yangu. "Najua ulikuwa mpweke, na hilo si kosa lako. Lakini kaka yako alikuwepo, tena alikuuliza mwenyewe. Uongo wako ndio uliokuacha peke yako na shida yako. Siku nyingine ukikwama, sema umekwama. Hakuna fundi asiyekwama, na hakuna atakayekusaidia kama umemwambia mambo yako ni sawa."

"Halafu kila siku saa tisa na nusu nina mapumziko," Kaka akaongeza. "Nitapiga simu. Na usinidanganye una kazi za shule!"

Nilicheka huku makamasi yakinitoka.

"Hiyo ya saba ilihusu nini?" Mama aliuliza.

"Ulivyojikata nywele siku ya picha."

"Ah! Hiyo naijua kuliko Bibi yako. Upara ulikuwa wa nani?"

Akavuta kiti mbele ya kompyuta. Nikachomeka kipaza sauti, nikaandika jina la rekodi mpya: Saba. Mama akakitazama kwa shaka, akakigonga kwa kidole mara mbili.

"Hiki kidude kinanisikia?"

"Tunakusikia, Mama," tukajibu, mimi na Kaka kwa pamoja.