Kwikwi za Mshenga Getnet

Alhamisi mchana, Mzee Getnet alirudi kutoka shamba la shayiri akiwa na njaa kali. Mkewe, Wubalem, alikuwa ametandaza injera, mkate wao mpana na laini, kwenye sinia. Katikati alimimina mchuzi wa kuku, mwekundu kwa pilipili, bado wa moto.

"Nawa uje ule, mume wangu," alisema Wubalem. "Shamba halikimbii."

Getnet aliketi. Ermias naye aliketi upande wa pili. Huyu alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Getnet. Walimlea tangu akitambaa, na sasa alikuwa kijana wa kuoa.

Wote watatu walikula sinia moja. Getnet alikula upesi, huku akiongea. Aliongea juu ya mvua, juu ya jembe, juu ya mbuzi wa jirani. Hakuna aliyeshangaa. Kijiji kizima kilimjua kuwa bingwa wa maneno. Mtu akitaka kuposa, humtuma Getnet awe mshenga.

Lakini Jumapili iliyopita maneno yalimkatikia.

Siku hiyo alikwenda na wazee wenzake wawili ng'ambo ya mto, kwa Mzee Desta. Walikwenda kumposea Ermias binti wa Desta, aitwaye Meaza. Walisimama mlangoni, fimbo mkononi, maana wazee wa posa hawaketi mpaka wakubaliwe. Getnet akafungua mdomo.

"Tumekuja kwa heshima, kuomba... hik!"

Akajaribu tena. "Kumuomba binti... hik!"

Mzee Desta alikunja uso. "Huyu kalewa," alisema. "Rudini Jumapili ijayo, mkiwa na akili zenu. Na mjue, mlango huu haufunguliwi mara ya tatu."

Getnet hakuwa amelewa. Alikuwa ameshikwa na kwikwi tu. Lakini nani angemsikiliza? Tangu siku hiyo Ermias hakuwa na raha. Alimpenda Meaza, na Jumapili ilikuwa inakaribia.

"Fungua mdomo," Wubalem alimwambia mumewe. Alikuwa amefinyanga kitonge cha injera na nyama, kikubwa kama ngumi. Kwao, kumlisha mtu kwa mkono wako ni upendo. Kitonge kikubwa, upendo mkubwa.

Getnet alikipokea. Mashavu yalimvimba. Alitafuna kidogo, akameza, akakisukuma kwa bilauri nzima ya pombe ya shayiri yenye povu.

"Hik!"

Ermias aliacha kula. "Mungu wangu! Zimerudi."

"Si... hik! Si kitu," alisema Getnet.

"Si kitu? Ukienda hivyo Jumapili, mimi nitaoa nani? Fimbo yako?"

Wubalem alikuwa na dawa yake. Aliijua tangu kwa bibi yake. Alitoka nje taratibu. Ghafla akapiga kelele: "Getnet! Fahali wako mweusi katumbukia bondeni!"

Getnet aliruka kama amechomwa. Alikimbilia mlangoni, akajikwaa kwenye jiwe la kusagia, akaanguka kifudifudi. Huko nje, fahali mweusi alikuwa amesimama kivulini, anatafuna majani yake.

"Mwanamke wewe! Unataka... hik! Unataka kuniua?"

"Nilitaka ushtuke kidogo tu," alisema Wubalem. Alitamani kucheka, lakini aliona goti la mumewe linatoka damu.

"Mpe kijiko cha pilipili ya unga," alisema Ermias. "Nasikia pilipili hufukuza kwikwi."

Walimpa. Machozi yalimtiririka. Kwikwi zikazidi, moja nyuma ya nyingine.

"Hodi humu!" Ilikuwa sauti ya Hirut, mhudumu wa afya wa kijiji. Nyumba yake ilipakana na yao. "Nimesikia fahali kaanguka. Nimekuja na kamba, kumbe fahali yupo na mwenye fahali ndiye aliyeanguka?"

Hata Getnet alicheka, katikati ya kwikwi.

Hirut alimwosha goti kwa maji safi na sabuni. Kisha akauliza, "Baba, kwikwi zimeanzaje? Umekula nini, na umekulaje?"

Wubalem alimweleza yote: mchuzi wa moto, maneno mengi, kitonge, pombe.

"Basi sababu tumeipata," alisema Hirut. "Sikilizeni. Chini ya mapafu kuna msuli mpana. Umetandazwa kama ngozi ya ngoma. Ndio unaotusaidia kuvuta pumzi. Msuli huo ukichokozwa, hushtuka wenyewe. Pumzi huingia kwa ghafla, na koo hujifunga papo hapo. Ndipo tunasikia hik!"

"Na nani kauchokoza?" aliuliza Getnet.

"Tumbo lako, baba. Ukila haraka huku unaongea, unameza hewa. Vitonge vikubwa hulijaza tumbo. Povu la pombe huongeza hewa. Tumbo linavimba, linausukuma msuli. Pilipili kali na chakula cha moto sana navyo huchokoza. Hata wasiwasi huweza kuleta kwikwi."

"Ndiyo maana na Jumapili ile!" alisema Getnet. "Nilikula hivi hivi kabla ya kutoka, halafu... hik! Halafu niliogopa."

"Sasa keti. Vuta pumzi, izuie kidogo, kisha iachie polepole."

Getnet alifanya hivyo. Kimya. Ermias akaanza kutabasamu.

"Hik!"

"Usikate tamaa," alisema Hirut. "Dawa moja haimfai kila mtu. Kumbatia magoti yako, yalete kifuani. Lile lenye kidonda, taratibu."

Getnet alijikunja kama mtoto. Baadaye Hirut akampa maji baridi ya mtungini. "Kunywa funda dogo dogo, bila haraka. Usiongee!"

"Kazi ngumu hiyo," alinong'ona Wubalem.

Getnet alikunywa. Alisubiri. Walisubiri wote. Kwikwi hazikurudi.

"Mara nyingi huisha zenyewe," alisema Hirut. "Lakini zikipita siku mbili bila kukoma, mtu aende hospitali. Zikija pamoja na maumivu ya kifua, au upande mmoja wa mwili kulegea, asingoje hata saa moja. Na kushtuana tuache. Leo ni goti, kesho ni moyo."

Wubalem aliinama. "Na vitonge vyangu? Nikimlisha kidogo, watu watasema simpendi."

"Mama, mila yetu inasemaje? Kitonge kimoja?"

"Kitonge kimoja huleta ugomvi," Wubalem alijibu. "Vitatu huleta undugu."

"Basi kigawe kile kimoja mara tatu. Mila itatimia, na tumbo litapumua."

Wubalem alikunja ngumi, akaitazama. Kisha akacheka. "Kweli kabisa! Mila haikutaja ngumi."

Jumapili ilifika. Getnet alikula mapema, kidogo, polepole, mdomo umefungwa. Hakugusa pombe. Wazee watatu wakavuka mto. Ermias alibaki nyumbani, akizunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mzee Desta aliwakuta mlangoni, fimbo mkononi. "Haya," alisema. "Semeni."

Getnet aliona macho yote yanamtazama. Moyo ulimdunda.

"Tumekuja kwa heshima... hik!"

Mmoja wa wazee wenzake alifumba macho. Mzee Desta alikunja uso.

Lakini leo Getnet alijua la kufanya. Hakuhangaika. Alivuta pumzi, akaizuia. Alisimama wima, kimya, mikono juu ya fimbo. Akaiachia pumzi polepole. Akaomba maji baridi. Alikunywa funda dogo dogo, akarudisha bilauri kwa adabu, akangoja tena. Katika maisha yake yote hakuwahi kunyamaza muda mrefu hivyo.

Kisha akasema, kwa sauti tulivu: "Tumekuja kuomba binti yako, Meaza, awe mke wa mtoto wetu, Ermias."

Mzee Desta alimwangalia sana.

"Wiki ile nilikuita mlevi," alisema. "Mlevi hawezi kutulia hivyo. Ketini."

Waliketi. Mazungumzo yalikuwa marefu, na mwisho wake ulikuwa ndiyo. Ndipo mke wa Desta alipoleta sinia. Alifinyanga kitonge kikubwa kama ngumi, akakisogeza mdomoni kwa mshenga.

"Mama," alisema Getnet, "kimoja huleta ugomvi. Nigawie hicho mara tatu, tuanze na undugu."

"Huyu ndiye Getnet wanayemsifu!" alisema mke wa Desta, huku akicheka. Akakigawa mara tatu. Getnet alitafuna kila kimoja mpaka kikalainika.

Jioni, Ermias alimkimbilia njiani. "Baba! Kwikwi zilikuja?"

"Zilikuja."

Ermias alisimama kama nguzo.

"Zikaondoka," alisema Getnet. "Meaza anakuja."

Wubalem alipiga vigelegele mpaka Hirut akatoka nje. Kwa furaha Wubalem aliingia jikoni, akafinyanga kitonge kikubwa kuliko vyote alivyowahi kufinyanga, akakileta mbio.

Getnet hakusema neno. Aliinua vidole vitatu.