Mtani wa Marehemu

Kisomaroho kilishuka kutoka darini bila kelele, kikatandaza nyuzi zake za mwanga juu ya kichwa cha Mzee Gama, na mara fikra za mzee zikaanza kutiririka ukutani kwa rangi. Mashine hiyo, fahari ya hospitali mpya ya Dodoma, ilisoma ubongo, ikataja ugonjwa na kutibu papo hapo. Madaktari walishaondolewa wodini. Muuguzi alibakizwa wa kufunga mikanda tu.

“Mgonjwa anajidai kuwa marehemu,” kilisema, kwa sauti tamu kupita kiasi. “Msibani alivaa koti la maiti, akalala kaburini, akadai ugali huku akicheka. Marehemu atafutwa kichwani mwake, na utani wote pamoja naye.”

Muuguzi Kalunde akauachia mkanda wa kichwa. Jamani! Huyu si kichaa, ni mtani! Kalunde ni Mnyamwezi, anayajua haya tangu utotoni. Mnyamwezi akifa, mtani wake Mngoni kazi yake ndiyo hiyo: kumwigiza marehemu, kuzuia jeneza, kuwachekesha wafiwa wasije wakafa kwa uchungu.

“Ni mila,” alisema. “Ndivyo anavyomlilia huyo marehemu, rafiki yake Mihambo.”

“Utani hauna kipimo,” mashine ikajibu.

Mzee Gama, kafungwa mikono yote miwili, akamkonyeza Kalunde. “Wee mpagazi wangu! Liambie hilo jini linifungue. Mihambo ana njaa!”

Kalunde akaona njia. Akimjibu utani huo, labda mashine itatambua kwamba mzee ana akili zake timamu. “Nyamaza, Mngoni! Nyie mlikuja mbio kutoka Kusini, akili mkaziacha ng'ambo ya mto!”

Mzee akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. “Mihambo kaniacha, mwanangu. Nani atanitukana sasa?”

Ukuta ukawa mwekundu. Nyuzi mbili zikaacha kichwa cha mzee, zikamgeukia Kalunde. Zikamgusa kwenye paji la uso, baridi.

“Muuguzi ana dalili zilezile. Je, apimwe?”

Woga ukamvaa mwili mzima. Alimfikiria marehemu mama yake, nyimbo zake, kicheko chake, na jinsi vyote hivyo vingeweza kuondoka kabla ya chakula cha mchana.

“Hapana,” alisema. “Nilikuwa namtuliza tu.”

Akaufunga mkanda wa kichwa. Mzee Gama alimtazama.

Mchana Kalunde alimpelekea uji. Mzee alikuwa ameketi wima, kachanwa nywele, na ukuta wake ulikuwa wa kijani. Kalunde akachungulia darini, akamwinamia sikioni.

“Mngoni wewe, akili bado ziko ng'ambo ya mto?”

Mzee akaweka kikombe chini taratibu. Midomo ikamcheza.

“Sista,” aliuliza, “nimekukosea nini hata unitukane?”