Kisima cha Watu Wawili

Wewe umewahi kusikia kundi zima la fisi likinyamaza ghafla? Rafiki yangu Bonaya amesikia, hapa hapa jangwani Chalbi, karibu kabisa na kwao.

Pampu ya kijiji iliharibika mwezi wa tano. Fundi alikuja, akapiga picha, akaenda zake. Siku hiyo mama yake Bonaya alikuwa na homa, midomo imempasuka, jerikeni zote tupu. Bonaya akachukua kamba na ndoo aende kisima cha zamani.

"Peke yako?" mama akauliza. "Kile huchotwa na wawili, mmoja chini, mmoja juu."

"Nitavuta kwa kamba, mama."

"Basi usiimbe. Sauti yako hiyo itafukuza hata ngamia."

Alipofika, dhoruba ya vumbi ikafunika jua, giza likatanda mchana kweupe. Fisi wakaanza kucheka, karibu sana. Akatupa ndoo kisimani haraka. Mikono ilipoanza kuvuta, mdomo nao ukaanza wimbo wa kuita ngamia. Mazoea tu, jamani.

Fisi wakanyamaza. Akasikia kucha zikikwaruza mawe, wakirudi kinyumenyume, wakilia kama watoto wa mbwa.

Halafu ndoo ikawa nyepesi. Kuna mtu alikuwa anaisukuma kutoka chini, akiitikia wimbo.

Bonaya alikimbia bila maji. Sasa nyinyi wa ofisi ya maji, mabingwa wenye digrii wa kutuambia tusubiri: mama wa watu bado ana kiu, na kule chini bado kunaimbwa. Leteni pampu leo, au njooni mchote wenyewe!